Mlio Usiofuata Injini

Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya mapaa ya mabati dereva alipoingia gereji kuchukua lori lake. Hapakuwa na la ajabu. Injini ilishushwa, ikafunguliwa, ikafungwa, na sasa mwenye lori amekuja. Kaka yake, mwenye gereji, alikuwa akinawa mikono kwa sabuni ya unga, mawazo yake yote yakiwa kwenye sufuria ya nyumbani.

Kaka huyo watu walimwita Fundi Sikio. Gari lingepita barabarani yeye akiwa anakunywa chai, naye angekwambia valvu ipi imelegea na mwenye gari atarudi kwa miguu siku gani. Wenzake walimtania kwamba mkewe akigeuka kitandani, Sikio hujua ni ubavu upi uliolia.

Lori lilikuwa kuukuu, urithi wa marehemu baba yao. Mkubwa alichagua spana, mdogo akachagua usukani. Siku tisa nyuma lilikokotwa kwa kamba hadi gereji, injini imekufa ganzi. Jiwe lilikuwa limetoboa tangi la oili chini ya injini, oili ikamwagika yote, na dereva akaendelea kukanyaga mafuta hadi vyuma vikashikana. Fundi alimshangaa. Mtu wa miaka kumi na mitano barabarani anaionaje taa nyekundu ya oili na asisimame? Mdogo wake alijibu kwamba alikuwa na haraka. Alipoulizwa Mzee Breki yuko wapi, asaidie kushika taa, akasema mzee anaumwa magoti, yuko kwake, amelala.

Mzee Breki alikuwa utingo wa lori hilo tangu enzi za baba yao. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma, kupanga mzigo, kuzuia matairi kwa gogo, na kumwelekeza dereva anaporudi nyuma. Ndiye aliyewabeba wote wawili mabegani walipokuwa wadogo.

"Kaka," dereva alisema jioni ile, akiwa bado kasimama getini, "haigongi?"

Fundi akacheka. Injini haijawashwa, itagonga vipi?

Dereva hakucheka. Alikataa hata kupanda. Alimpa kaka yake ufunguo, akarudi nyuma hatua tatu.

Fundi akapanda, akawasha. Injini ikakohoa, ikatema moshi, ikashika. Sauti nzito, iliyotulia. Fundi akatabasamu kama mama aliyesikia mtoto akilia kwa mara ya kwanza.

Kisha...

Ngo.

Tabasamu likamtoka. Akasubiri.

Ngo.

Si kelele kubwa. Ni kama mtu anayegonga mlango asiye na hakika kama wenyewe wapo. Fundi akashuka, akafungua boneti, akachukua bisibisi yake ndefu. Ncha akaiweka kwenye injini, mpini akaukandamiza sikioni. Hivyo ndivyo mafundi wa zamani wanavyosikiliza moyo wa injini. Akapita silinda moja hadi nyingine. Akalegeza paipu za dizeli, moja moja, kila silinda ikose mafuta kidogo. Kama mlio ungekuwa wa pistoni fulani, silinda ile ingenyamaza na mlio ungenyamaza nayo.

Haukunyamaza.

Akamwambia mdogo wake akanyage mafuta. Dereva akatikisa kichwa, kwa hiyo Fundi akauvuta waya wa mafuta kwa mkono. Injini ikapanda, ikanguruma, boneti ikatetemeka. Hapo ndipo nywele za kisogo zilipomsimama. Mlio wa injini hufuata injini. Ikienda mbio nao huenda mbio. Huu ulibaki na mwendo wake uleule. Ngo... Ngo... Na kila ulipokuja ulileta harufu ya dawa ya kuchua, ile kali inayopanda puani, ambayo wazee hupaka magotini.

Fundi akazima injini. Alipogeuka kumwambia mdogo wake kwamba lori halitoki leo, geti lilikuwa wazi na mdogo wake hayupo.

*

Asubuhi Fundi alifika kabla ya mafundi wenzake. Alikuwa amejisemea usiku kucha kwamba ni uchovu. Akamwaga oili, akalala chini ya lori, akafungua tangi la oili, akapapasa beringi zote kwa kidole gumba. Laini kama ulimi. Hakuna chuma kilichochubuka wala nati iliyolegea. Kazi yake haikuwa na kasoro, na hilo ndilo lililomtisha. Afadhali kosa lako unalolijua.

Akafunga kila kitu, akatia oili, akawasha.

Ngo.

Akazima. Injini ikatetemeka, ikanyamaza. Dizeli ikadondoka tone moja. Gereji nzima ikawa kimya, jua linaingia kupitia matundu ya bati.

Ngo.

Injini imezimwa.

Ngo.

Fundi alisimama na bisibisi yake mkononi. Mtu mwingine angekimbia, naye alikiri baadaye kwamba miguu yake ilikwishaamua. Lakini fundi ni fundi. Mlio una mahali unapotoka, na chuma husafirisha sauti kama waya unavyosafirisha umeme. Akaweka ncha kwenye injini: mlio ulikuwa hafifu. Akaiweka kwenye chesisi nyuma ya kabini: mlio umeongezeka. Akasogea. Ukazidi. Akafuata chuma kile, hatua kwa hatua, mpaka mwisho wa lori, kona ya kulia ya nyuma. Hapo hakuhitaji bisibisi tena.

Akaweka kiganja kwenye ubao.

Kiganja kingine, upande wa pili wa ubao, kikagonga.

Akafungua mlango wa nyuma kwa nguvu. Ndani hamkuwa na mtu. Vumbi la mawe tu, na gogo la kuzuia tairi.

Fundi akakaa chini pale pale kwenye oili. Alikuwa amekwisha kuelewa, si kwa sikio bali kwa utoto wake. Kila utingo huongea na dereva kwa kugonga bodi. Akigonga mara mbili, twende. Akigonga mara moja, simama. Aliyekuwa akigonga hapa alikuwa akisema neno moja, tangu jana, na pengine tangu siku tisa nyuma.

Simama.

*

Alimkuta mdogo wake nyumbani, kaketi uani hajanawa uso. Fundi hakumzungusha. Alimuuliza siku ile aligongewa mara ngapi.

Dereva aliikwangua ardhi kwa kisigino.

"Mara moja," akasema.

Fundi akaketi kando yake.

"Nyingi, kaka. Zilikuwa nyingi."

Yaliyobaki yalimtoka vipande vipande. Walikuwa machimboni kupakia mawe. Asubuhi ile walikwaruzana yeye na mzee, kwa sababu mzee alimwambia mbele za watu kwamba baba yake hakuwa akiendesha kilevi. Neno lile lilimkaa kooni. Alipoanza kurudisha lori nyuma, mzee akagonga mara moja. Alisikia vizuri. Lakini kwa hasira akasema moyoni, leo siamriwi. Akaendelea kurudi. Lori likagusa kitu. Hapo kugonga kukawa kwa mfululizo, haraka haraka, mzee kabanwa kati ya bodi na mwamba. Na hata hapo, dereva alisema, mguu wake ulikawia. Hakujua kwa nini. Labda pumzi mbili, labda tatu. Aliposogeza lori mbele kugonga kulikoma, akasikia mawe yakiporomoka, kisha maji. Kando ya mwamba ule palikuwa na shimo la zamani lililojaa maji ya mvua. Hakushuka kutazama. Alikimbiza lori juu ya mawe makubwa, likatobolewa chini, na taa nyekundu aliiona toka mwanzo mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umemuua mzee," Fundi alisema taratibu.

Dereva akainua uso, na macho yake yalikuwa na kitu kibaya kuliko majuto. Alisema hapana. Alisema siku ya tatu alikwenda kwa mzee akijifanya hajui kitu, aone kama msiba umeshatangazwa. Mke wa mzee akamkaribisha, akamwambia kwa kunong'ona kwamba mzee alirudi, amelala. Akampenulia pazia.

"Nilimwona mgongo, kaka. Yuko kwake. Hakufa." Akatazama upande wa gereji. "Ila kama hakufa... anayegonga ni nani?"

*

Saa kumi alasiri Fundi alibisha hodi kwa Mzee Breki. Nyumba ya vyumba viwili, sakafu ya saruji, kiti kimoja kizuri cha wageni. Mama, mke wa mzee, alikuwa akichambua mchele sinia likiwa mapajani. Binti yao wa mwisho, mja mzito wa miezi saba, alikuwa akifua nyuma ya nyumba. Mama akampokea kama mwana, akamuuliza habari za mkewe na watoto wote mmoja mmoja. Alipoulizwa hali ya mzee, akashusha sauti.

Alieleza kwamba usiku ule mzee hakurudi, wala uliofuata. Simu haikupatikana. Mwanamke wa miaka arobaini ya ndoa haketi akangoja taarifa. Alikwenda kwa mganga anayesifika kwa kuwaita waliopotea. Mganga akaomba nguo iliyovaliwa na mume, akaifunga fundo, akalinena jina mlangoni. Akamwambia mumewe atarudi kabla jua halijazama. Sharti lilikuwa moja: asiulizwe alikotoka.

"Na akarudi," Mama akasema, akitabasamu kwa uchovu. "Kalowa chapachapa. Toka hapo amelala, kaupa mgongo mlango. Hali. Hasemi. Lakini yupo, mwanangu. Nashukuru yupo."

Akapenua pazia.

Chumba kilikuwa na giza, dirisha limezibwa kwa shuka. Fundi aliona kitanda, na juu yake mtu mrefu aliyejikunja, uso ukutani. Nyayo zilitokeza nje ya blanketi, nyeupe, zimekunjamana kama za mtu aliyekaa mno majini. Chini ya kitanda sakafu ilikuwa na maji, na beseni lililowekwa kuyakinga.

"Shikamoo, mzee," Fundi akasema.

Kimya.

Fundi akasikiliza. Alikuwa akisikiliza kama anavyosikiliza siku zote, bila kukusudia. Alisikia binti akikamua nguo nje. Alisikia Mama nyuma yake akihema kwa kifua chenye pumu. Alisikia moyo wake mwenyewe. Alisikia tone likianguka kwenye beseni.

Kutoka kitandani hakusikia pumzi.

Akangoja, akihesabu. Hakuna mwanadamu anayeweza kukaa bila pumzi kiasi kile. Kisha yule mtu, bila kugeuka, akakunja vidole vya miguu polepole, kama anayesikiliza naye.

Fundi akaaga kwa adabu, akatoka bila kumwambia Mama lolote. Angemwambia nini? Akamrudia mdogo wake, akamshika mkono kama mtoto, akampeleka kituo cha polisi. Damu ni nzito kuliko maji, ndiyo, lakini yako maji ambayo hata damu haiyazidi. Dereva hakubisha. Alisema tu kwamba ndani ya selo pana nondo, na ni afadhali.

*

Siku ya pili yake, adhuhuri, polisi na wachimbaji waliteremsha kamba kwenye shimo la machimboni. Iliwachukua saa moja. Walichokitoa kilikuwa kimevimba na uso haukutazamika, lakini Fundi hakuhitaji uso. Aliona pete ya chuma, ile ambayo mzee hakuivua tangu Fundi akiwa mtoto, kwenye kidole cha mkono wa kulia, mkono wa kugongea. Akajitolea kumleta mke wa marehemu kuutambua mwili, maana afisa alisema bila kutambuliwa na mtu wa nyumbani hiyo ni maiti tu, haina jina.

Mama alikataa kwanza. Mume wake yuko ndani, atambue nini? Fundi alimsihi kwa dakika nyingi. Alimwambia aje aseme kwamba siye, ili mdogo wake aachiwe. Hilo lilimlainisha, dereva naye alikuwa kama mwanawe. Akajitanda khanga, akamwagiza binti yake asitoke, amwangalie baba, na uji ukipoa amwekee karibu na kitanda. Binti akaitika.

Chumba cha maiti kilikuwa na baridi na harufu ya dawa. Mhudumu akafunua shuka. Mama hakuutazama uso. Alikwenda moja kwa moja kwenye shati, akaushika mkono wa shati, akaugeuza ndani nje. Hapo palikuwa na kiraka alichokishona kwa uzi mwekundu kwa sababu wa bluu ulikwisha. Akakipapasa. Akaenda miguuni, akashika kidole kidogo kilichopinda tangu utotoni.

Hakulia. Akafunika miguu taratibu, kama mtu anayefunika aliyelala.

"Ndiye," akanong'ona.

Mhudumu akaanza kuandika. Mama akabaki kasimama, mkono juu ya shuka. Kisha akamgeukia Fundi.

"Mwanangu," akasema, "sasa yule niliyemwacha na binti yangu ni nani?"

Walichukua bodaboda moja, Mama katikati, na mwenye bodaboda akadhani wanakimbilia mgonjwa. Jua lilikuwa linashuka. Walipoingia uani, binti alikuwa kaketi kwenye kiti kile kizuri cha wageni, mzima, akinywa uji uliokataliwa. Mama akamkumbatia kwa nguvu hata kikombe kikaanguka. Binti akashangaa, kwa sababu yeye alikuwa na habari njema. Alisema baba ameamka. Ameinuka mwenyewe, amejifuta, amevaa. Amezungumza hata.

"Amesema nini?" Fundi akauliza.

Binti akasema baba ameuliza dereva yuko wapi. Sauti ilikuwa imekwaruza kidogo, kwa kukaa kimya siku nyingi. "Nikamwambia yuko kituoni. Akatoka. Hata fimbo hakuchukua."

Nyayo za maji zilivuka sakafu ya saruji, zikashuka kizingiti, zikaelekea njiani.

Fundi hakungoja. Alikimbia kituoni kwa miguu. Kaunta ilikuwa na afisa mmoja tu, si yule wa machimboni, ambaye alikuwa bado hajarudi. Huyu alikuwa ameingia zamu saa moja nyuma, na alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kesi ngumu bila jasho. Kwenye benchi la wageni maji yalikuwa yametuama. Fundi akamuuliza mdogo wake yuko wapi.

Afisa alimweleza kwamba mambo yamekwisha. Marehemu mwenyewe amekuja. Mzee mrefu, amelowa, anatembea polepole. Amesimama hapo kaunta akasema, mimi ndiye mnayesema aliuawa. Akalitaja jina lake na la mkewe. Sasa kama aliyeuawa yu hai, mtu utamshikilia kwa kosa gani? Wakafungua selo.

"Wameondoka?" Fundi akauliza.

"Wameondoka pamoja, mzee kamshika mkono. Ila huyo ndugu yako..." Afisa akatikisa kichwa, akapunguza sauti kidogo, kwa mara ya kwanza kama mwenye mashaka. "Hakutaka kutoka. Aling'ang'ania nondo. Ilibidi tumbandue vidole, kimoja kimoja."